Tukiiga vijiji vya Japani, tuanzie jikoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu makala mliyoichapa Jumapili iliyopita, ile iliyosema vijiji vya Japani vimeokolewa na utalii wa utamaduni. Mwandishi anajua kuandika, na picha zilivutia, hasa zile nyumba za kuezekwa kwa nyasi zikiwa zimefunikwa na theluji. Lakini alipohitimisha kwamba Wajapani wamepata dawa ya vijiji kufa, na kwamba nasi tukimbilie kujenga "hoteli za kitamaduni" vijijini, nilifunga gazeti nikaenda kubandika chai kwanza.

Nimeishi huko. Nilisoma chuo kikuu Beppu, mkoa wa Oita, katika kisiwa cha Kyushu, na baada ya masomo nikakaa mapokezi ya hoteli moja ya maji moto kwa kipindi kabla ya kurudi Lushoto. Katika vijiji vya aina hiyo nimelala, nimekula na nimeosha vyombo. Dawa inayosemwa sikuiona. Nilichokiona ni kitu kidogo zaidi, na kwa maoni yangu kinatufaa zaidi, mradi kisimuliwe kama kilivyo.

Tuanze na ukubwa wa tatizo, maana makala iliupita kama basi la mwendokasi. Idadi ya watu wa Japani ilifika kileleni mwaka 2008, milioni 128 hivi, na tangu hapo inashuka. Karibu watu 3 katika kila 10 wametimiza miaka 65 au wamepita. Hesabu ya nyumba ya mwaka 2023 ilikuta nyumba milioni 9 hazina mtu, yaani asilimia 13.8 ya nyumba zote za nchi. Mwaka 2014 jopo lililoongozwa na Hiroya Masuda, mtu aliyewahi kuwa gavana na waziri, lilitoa orodha ya halmashauri 896 ambazo zingeweza kutoweka kwa sababu wanawake wa umri wa kuzaa watapungua kwa nusu au zaidi ifikapo 2040. Orodha hiyo ilipopitiwa upya mwaka 2024 zikabaki 744. Mwandishi wenu akadaka hapo hapo: ahaa, zimepungua, utalii umefanya kazi! Utalii haukuhusika. Waliofanya hesabu walieleza kwamba nafuu ile imetokana zaidi na watu wa mataifa mengine wanaohamia Japani kuishi na kufanya kazi. Vizazi havijapanda. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu linatuhusu.

Wageni wenyewe wapo, tena tele. Mwaka 2024 Japani ilipokea wageni karibu milioni 36.9 kutoka nje, rekodi kwa wakati huo. Ila wengi hawatoki kwenye njia ya Tokyo, Kyoto na Osaka. Wenyeji wa Kyoto wanalalamika kwamba hawapati pa kukanyaga ndani ya basi la mjini, na ukitoka hapo kwa saa chache tu unafika kijiji ambacho basi lilishafutwa kwa kukosa abiria.

Mfano ninaoujua kwa karibu ni Ajimu. Ni bonde la mpunga na mizabibu, si mbali na Beppu ukivuka mlima, na tangu 2005 limeingizwa katika mji wa Usa. Kuta za nyumba za zamani zina picha za kufinyangwa kwa chokaa, dragoni, mlima Fuji, miungu ya neema yenye matumbo makubwa, zote zimetengenezwa na mafundi wa lipu kwa mwiko ule ule wa kazi. (Na kabla sijasahau: ndiyo, Ajimu ndiko iliko ile bustani ya wanyama iitwayo African Safari, iliyofunguliwa mwaka 1976, ambako watu hupanda basi lenye umbo la mnyama wakawalisha simba nyama kwa koleo kupitia nondo za dirishani. Kila niliyesalimiana naye Ajimu aliniuliza kama nimeshafika. Nilifika. Simba walionekana wazima wa afya, ila ile baridi ya Januari sidhani kama waliizoea kuliko mimi.)

Mwaka 1996 wakulima wa Ajimu waliunda kikundi cha kujifunza utalii wa mashambani. Baadhi yao walikwenda hadi Ujerumani kujionea wakulima wenzao wanavyolaza wageni majumbani mwao, wakarudi wamewaka. Wakakutana na sheria. Japani ukilaza mtu kwa malipo umefungua nyumba ya wageni, na sheria inayohusika, ya mwaka 1948, ilitungwa kwa ajili ya watu ambao hiyo ndiyo biashara yao: chumba cha ukubwa fulani, jiko la wageni lililotengwa na jiko la familia. Mkulima wa zabibu mwenye miaka zaidi ya sitini hawezi kwenda benki kukopa mamilioni ya yeni ajenge jiko la pili ili mwisho wa wiki apokee wageni wanne. Wakatafuta mlango wa uani. Mgeni akawa anajiunga kama mwanachama wa kikundi, na anacholipa kikawa ni mchango wa mafunzo ya maisha ya shamba, si kodi ya chumba. Mambo yakaenda hivyo kwa miaka kadhaa.

Kisha Machi 2002 serikali ya mkoa wa Oita ikafanya kitu ambacho makala yenu haikukigusa kabisa. Gavana alikuwa bado Morihiko Hiramatsu, yule yule aliyeanzisha mwaka 1979 mpango wa "kijiji kimoja, bidhaa moja", ambao baadaye ulivuka bahari ukafika Malawi na Kenya. Mkoa ulitoa waraka uliosema, kwa maneno yangu, kwamba nyumba ya mkulima inaweza kupewa kibali cha malazi ya kawaida, na kama mgeni anapika na kula pamoja na familia, basi jiko la familia linatosha. Jiko la pili halihitajiki. Mwaka uliofuata serikali kuu nayo ikaondoa kwa wakulima lile sharti la vyumba vya wageni kuwa na angalau mita za mraba 33. Hicho ndicho kiini cha barua yangu. Hawakumwambia bibi apandishe nyumba yake ifikie sheria. Waliishusha sheria ikaingia mlangoni kwake.

Sasa nieleze jinsi inavyokuwa ukifika, maana hapa ndipo watu hufikiri ni maonyesho ya ngoma.

Baba mwenye nyumba alikuja kutuchukua na kirikuu cheupe, hizi hizi tunazoziona hapa zikishusha nyanya sokoni, ila chake kilikuwa kimepigwa polishi kama cha harusi. Huko Ajimu mgeni humwita mwenye nyumba Mama na mumewe Baba, hata kama mgeni mwenyewe ana wajukuu. Mama alikuwa amepita miaka sabini, mfupi, mwepesi, na alikuwa na tabia ya kukupa kitu cha kushika kabla hujamaliza kusalimia. Mimi nilipewa bakuli la unga.

Chakula cha usiku kilikuwa dango-jiru, mlo wa mkoa ule. Unga wa ngano unaukanda kwa maji na chumvi, unaukata vidonge vya ukubwa wa kidole, unaufunika ulale. Halafu unashika kidonge kwa mikono miwili, unakivuta taratibu kiwe utepe mrefu, unautumbukiza kwenye supu ya miso (rojo la soya lililochachushwa) yenye magimbi, karoti na uyoga. Mama alinitazama nilivyoukunja ule unga mara mbili, akaujua mkono wa mtu wa chapati, akaniachia kazi yote akaenda kukata vitunguu. Mimi ni Mwislamu, na katika hoteli nyingi za Japani suala la nguruwe na mvinyo wa kupikia hujibiwa kwa fomu, au kwa tabasamu na sahani ya saladi. Hapa Mama aliteremsha chupa moja moja kutoka rafuni, mchuzi wa soya, siki, miso, tukasoma maandishi ya nyuma pamoja, yeye akinitafsiria kwa Kijapani chepesi, na zilizokuwa na pombe akazirudisha juu. Badala ya mvinyo tukatia sukari kidogo na maji ya kabosu, ndimu ya kijani ambayo karibu yote ya Japani hulimwa Oita.

Nilikuja kuelewa baadaye, niliposoma ule waraka, kwamba usiku ule nilikuwa natekeleza sheria. Unga uliokuwa mikononi mwangu ndio uliokuwa leseni yake.

Na bafu. Kwa mwanamke wa kwetu, mabafu ya umma ya maji moto kule Beppu ni mtihani, kwa sababu watu huingia pamoja bila nguo, japo wanawake na wanaume hutengwa. Kwa Mama nilioga peke yangu. Ni pipa la chuma lililojengewa kwa saruji, kuni zinawaka chini yake kwa nje, na juu ya maji kuna ubao wa mviringo unaoelea. Unajisugua na kujisuuza pembeni kwanza, kisha unaukanyaga ule ubao katikati, unazama nao hadi chini, ndio unaozuia nyayo zisiungue. Baba alikaa nje kwenye kigoda akichochea kuni, na kila baada ya muda aliuliza kupitia ukuta wa mbao kama maji yanatosha joto. Sijawahi kuchemshwa kwa heshima kiasi kile.

Asubuhi tulipanda kwenye kichaka cha mialoni nyuma ya nyumba kupandikiza uyoga wa shiitake. Oita inaongoza Japani kwa shiitake mkavu, na mwaka 2013 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, liliingiza eneo la Kunisaki na Usa kwenye orodha yake ya mifumo ya kilimo yenye urithi wa dunia, kwa ajili ya misitu hiyo ya mialoni na mabwawa yanayotunzwa pamoja nayo. Kazi yenyewe haina mapambo. Gogo linatobolewa kwa keekee, unatia kipande kidogo cha mti chenye mbegu ya uyoga, unakigonga kwa nyundo, unahamia tundu la pili. Uyoga hautoki wiki ile wala miezi ile. Unasubiri hadi kiangazi kimoja kiishe, na cha pili. Yaani mgeni anagonga nyundo kwa ajili ya uyoga ambao hatauona, labda arudi. Na hapo ndipo walipo na akili. Kikundi cha Ajimu kina msemo kwamba ukilala mara moja wewe ni ndugu wa mbali, ukilala mara kumi wewe ni ndugu wa kweli, na kadi yako inagongwa muhuri kila unapokuja.

Niliporudi nyumbani nikamsimulia shangazi yangu, alicheka hadi akakaa chini. "Yaani ulilipa, mwanangu, ili ukalime?" Nikamwambia ndiyo, Shangazi, na nikalipa tena nikarudi.

Hizo fedha zilikwenda kwa nani? Kwa Mama. Si kwa kampuni, wala kwa mfuko wa kijiji. Kikundi kinachukua sehemu yake ndogo kwa kupanga wageni, zinazobaki zinaingia kwenye kitabu cha benki chenye jina lake yeye. Aliniambia hivi akiwa anakunja taulo, bila kuinua macho: katika maisha yake yote ya ndoa zabibu ziliuzwa kwa jina la mume na hundi ilikuja kwa jina la mume. Za wageni ndizo za kwanza alizozishika bila kumuomba mtu. Alinunua mashine ya kukaushia uyoga, na akaenda Okinawa na wanawake wenzake. Baba hakwenda, alibaki kulisha kuku. Alilisimulia hilo kwa furaha ya pekee.

Mambo haya mwandishi wenu angeyaandika, ningempigia makofi. Lakini hayo si kuokoa kijiji. Mtoto wa Mama yuko Fukuoka na ana kazi yake, anakuja Agosti wakati wa kuwakumbuka waliotangulia na mwaka mpya ukiingia. Hana mpango wa kurudi kuchochea kuni. Nyumba zilizokuwa zikipokea wageni zilikuwa za watu wa rika la Mama, na kila mwaka kuna mmoja ambaye magoti yamekataa kupanda ngazi na godoro. Wageni wao wengi hawakuwa Wazungu wala Waafrika. Walikuwa wanafunzi wa Kijapani wa mijini, wanaoletwa na shule zao kwa basi wagawanywe nyumba kwa nyumba wakaone mpunga unakotoka. Korona ilipofunga mipaka na safari za shule mwaka 2020, baadhi ya kina mama walipumzika, na kupumzika huko kukawa kustaafu. Utalii uliongeza miaka ya maana kwenye maisha ya nyumba zile. Ukiniuliza mimi, hiyo inatosha kabisa kuwa sababu ya kuufanya. Ila ni kitu tofauti na kufufua.

Makala ilitaja pia bonde la Iya, kisiwa cha Shikoku, na "kijiji cha wanasesere" kama mfano wa ubunifu. Kijiji chenyewe ni Nagoro. Bi. Tsukimi Ayano alirudi kwao kutoka Osaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, akatengeneza sanamu ya kutishia ndege shambani, ikafanana na baba yake, akaendelea. Akitoka mtu kijijini, kwa kufa au kuhama, anashona mwingine wa pamba na magazeti. Shule ya msingi ilifungwa 2012, na leo madarasani wamekaa wanasesere, mwalimu mbele, wanafunzi kwenye madawati. Wanasesere ni wengi mara nyingi kuliko wakazi. Watalii wanakuja kweli, kutoka pande zote za dunia. Wanakuja kuona kwamba watu hawapo. Kuuita huo mfano wa kijiji kilichookolewa, Mhariri, ni kukosa macho.

Na pale ambapo wageni wamekuja kwa wingi kama tunavyotamani? Shirakawa, zile nyumba za nyasi kwenye picha yenu, iliingia Urithi wa Dunia mwaka 1995. Halmashauri nzima ina watu wapatao 1,500 na inapokea wageni zaidi ya milioni kwa mwaka. Wenyeji wamelazimika kuweka utaratibu wa kuhifadhi nafasi kwa zile jioni za taa za majira ya baridi, kwa sababu magari yalikuwa yanaziba barabara yote, na kuna wageni wanaofungua milango ya nyumba za watu wakidhani ni makumbusho. Kilichowasaidia wasiliwe wazima wazima ni kwamba mwaka 1971, kabla ya umaarufu wote huo, walikubaliana wenyewe kwa wenyewe: hatuuzi, hatupangishi, hatubomoi. Kijiji cha Tsumago, kwenye njia ya zamani ya Nakasendo, walifunga ahadi ya namna hiyo hiyo mwaka huo huo. Mwekezaji alipofika alikuta mlango umeshafungwa kwa ndani.

Lipo jambo jingine dogo ambalo nikiwa mapokezi ya hoteli nililiona kila siku. Nani anapokea simu? Mama wa Ajimu hajui Kiingereza na barua pepe haitumii. Kule rasi ya Kii, kwenye njia za hija za Kumano zilizoingia Urithi wa Dunia mwaka 2004, mji wa Tanabe uliunda ofisi ya utalii mwaka 2006, ikaajiri hadi Mkanada aliyekuwa akiishi pale, ikasawazisha mabango ya njiani, ikawafundisha wenye nyumba maneno machache ya lazima, kisha ikajenga mfumo wake wa kuhifadhi nafasi. Mgeni aliyeko Paris analipia ofisi, ofisi inampigia bibi simu ya mezani kwa Kijapani: kesho kutwa wawili, mmoja hali samaki. Kamisheni inabaki pale pale mjini. Kazi hiyo haina picha nzuri ya kuweka gazetini, lakini bila hiyo hakuna mgeni anayefika.

Nilisema nitarudi kwenye watu wanaohamia. Wasomaji wanakumbuka Agosti 2025, kwenye TICAD, mkutano wa Japani na Afrika kuhusu maendeleo, uliofanyika Yokohama, JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, lilipotangaza kuwa mji wa Nagai, mkoani Yamagata, utakuwa "mji wa nyumbani" kwa Tanzania. Haukuokotwa tu. Nagai, mji wa watu kama 25,000, ndio uliokuwa mwenyeji wa Tanzania kwa ajili ya Olimpiki ya Tokyo, na urafiki wake na wanariadha wetu ulikuwa wa kweli. Baadhi ya vyombo vya habari hapa nyumbani vikaandika kana kwamba tumekabidhiwa mji mzima. Huko Japani watu wakaamini kwamba Waafrika wanaletwa kwa mafungu, simu na barua za hasira zikafurika katika ofisi za miji iliyotajwa, na kufikia tarehe 25 Septemba mpango wote ukafutwa. Hakukuwa na mpango wa kuhamisha mtu yeyote. Ulikuwa wa kubadilishana wageni na utamaduni, kitu kile kile ambacho makala yenu inakisifia.

Sisemi hivyo kwa uchungu. Nilipendwa Ajimu na nawapenda. Lakini kuna upana kati ya mgeni wa siku mbili na jirani wa miaka ishirini, na vijiji vya Japani vinahitaji zaidi huyo wa pili. Hilo la pili haliamuliwi na bodi ya utalii. Tukinunua wazo la kwamba watalii watarudisha vijana kijijini, tutajenga vibanda vya makuti, tutazindua kwa ngoma na mgeni rasmi, na vijana wataendelea kupanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam.

Kwa hiyo ningeomba halmashauri zetu zikiiga, ziige ule waraka wa 2002. Shangazi yangu ana vyumba viwili vya wanawe waliohama, vina vitanda na vyandarua, na bustani ya mipera na mipichi inayoangalia bonde. Alipojaribu kuuliza utaratibu wa kupokea wageni, ofisi moja ilimpa masharti ya gesti: chumba cha mapokezi, jiko la pekee, vyoo kwa idadi ya vyumba, na leseni ambazo hata karani hakuwa na uhakika ni ngapi. Aliikunja ile karatasi akaitia chini ya kitambaa cha meza. Bado ipo.

Sheria ndogo ya ukurasa mmoja ingemaliza kazi. Nyumba iwe na mwenyewe anayeishi humo. Vyumba vya wageni visizidi vitatu. Mgeni apike na kula na familia, na kwa sababu hiyo jiko la nyumba litoshe. Bwana afya akague maji, choo na mahali pa moto mara moja kwa mwaka, aandike anachotaka kirekebishwe kwa lugha ambayo mwenye nyumba anaisoma. Ada iwe ya kulipika kwa fedha ya mgeni wa kwanza. Wanakijiji wakubaliane mapema kuhusu kuuza ardhi, kabla wageni hawajawa wengi. Na awepo mtu mmoja wa kupokea simu, alipwe kwa kamisheni inayobaki wilayani. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mkandarasi.

Ni mimi msomaji wenu,
Lushoto, Tanga